Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Msimu Ujao wa Okestra Yetu, Mombasa

Tangu tubandike bango la msimu ujao, simu ya ofisi yetu haijapumzika, na karani wetu amegundua kwamba watu wa Mombasa huuliza mambo yale yale kwa njia mbalimbali: kijana hutuma ujumbe, mzee huja mwenyewe mlangoni na bakora yake, na mama mmoja alipiga simu akiwa juu ya kivuko cha Likoni, honi ikimkatiza kila alipokaribia kumaliza sentensi. Tumeyakusanya maswali hayo hapa. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu, na mengine hayahitaji zaidi ya mstari mmoja.

Msimu ujao una maonyesho mangapi, na ni yapi?

Yapo sita, moja kila mwezi, kuanzia Juni hadi Novemba. Tunafungua kwa Simfoni ya Tano ya Ludwig van Beethoven. Julai tunapiga Simfoni ya Tisa ya Antonín Dvořák, ile inayojulikana kwa jina la "Kutoka Dunia Mpya". Agosti, watoto wakiwa likizoni, ni zamu yao: hadithi ya Petro na Mbwa Mwitu iliyotungwa na Sergei Prokofiev, msimulizi akiisimulia kwa Kiswahili. Septemba ni Scheherazade ya Nikolai Rimsky-Korsakov, ambayo ni safari ya baharini mwanzo hadi mwisho. Oktoba ni usiku wa taarab, ambapo wapiga fidla wetu watakaa nyuma ya udi na kanuni, ala za nyuzi za taarab, na kufuata, badala ya kuongoza. Novemba tunafunga kwa Simfoni ya 45 ya Joseph Haydn, iitwayo "Kuagana", na jina hilo lina maana yake, kama tutakavyoeleza mbele.

Kwa nini msimu unaanza Juni, si Januari kama mwaka?

Kwa sababu ala zetu ni za mbao, na mbao haisomi kalenda, inasoma hewa. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, joto na unyevu wa Mombasa huvimbisha vigingi vya kukazia nyuzi hata vikagoma kuzunguka, nywele za farasi zilizo kwenye uta wa fidla hulegea, na gundi inayoshikilia ubavu wa selo, ile fidla kubwa ya sauti nzito, huanza kuachia. Masika nayo, Aprili na Mei, huja na mvua inayopiga mabati kwa nguvu kiasi kwamba hata tarumbeta tatu hazisikiki. Kusi inaposhika, ndipo mwanamuziki anapoweza kumaliza simfoni nzima bila kusimama kukaza nyuzi. Wazee waliopanga safari za majahazi kwa kufuata pepo hizo wasingetushangaa.

Kuna sababu nyingine pia. Mwezi wa Ramadhani hatupigi kabisa, na pale Maulidi yanapoangukia ndani ya msimu, kama yanavyofanya mfunguo sita, mwezi wa Maulidi, ukikutana na miezi yetu, tunaiacha wiki hiyo wazi. Nusu ya wasikilizaji wetu wangekuwa Lamu, na baadhi ya wanamuziki pia.

Je, huu si muziki wa Wazungu? Sisi unatuhusu nini?

Swali hili huulizwa zaidi kuliko yote, wakati mwingine kwa utani na wakati mwingine kwa uchungu, na linastahili jibu la ukamilifu. Ni kweli kwamba simfoni ilikomaa Ulaya katika karne ya 18, na watunzi watano kati ya sita wa msimu huu, ukiuhesabu usiku wa taarab kama mtunzi mmoja, walizaliwa huko. Hatuna haja ya kulificha hilo.

Lakini mtu wa Pwani anayesema hajawahi kusikiliza okestra amesahau harusi alizohudhuria. Taarab ya Unguja na ya Mombasa ilijifunza mengi kutoka Misri, ambako kundi la wapigaji liliitwa firka na safu za fidla ziliketi pamoja na udi, kanuni na nai. Kikundi cha Ikhwani Safaa cha Unguja kilianzishwa mwaka 1905, na fidla, selo na dabla besi ni ala zilizozoeleka katika vikundi vikubwa vya taarab kisiwani humo. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, fidla ilikuwa miongoni mwa ala zilizomsindikiza. Kwa hiyo fidla haikuja pwani jana na ndege ya watalii.

Tarumbeta nazo zina historia yake hapa. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mombasa na Lamu zilikuwa na ngoma ya beni, ambayo vikundi vyake vilishindana mitaani kwa ala za shaba, sare na gwaride, kila mtaa ukitaka kuufunika mwenzake kwa sauti na kwa mavazi. Na kabla ya hapo kulikuwa na siwa, pembe kuu ya Pate na Lamu, iliyopulizwa katika shughuli za watu wenye hadhi. Mpiga honi wetu anapojaza mapafu, anafanya kazi ambayo pwani hii inaijua kwa karne nyingi.

Tukitoka nje ya pwani, mjini Kinshasa ipo okestra ya simfoni iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda ndani ya Kanisa la Kimbangu, ambayo wapigaji wake wengi walijifunza wakiwa watu wazima wenye kazi nyingine za mchana, na kwa muda mrefu walipokezana ala chache walizokuwa nazo. Hakuna aliyewaambia Wakongo hao waombe ruhusa. Msimamo wetu ni kwamba muziki ni wa yule anayeupiga vizuri na yule anayeusikiliza kwa makini, na kwamba sikio lililolelewa na taarab, linaloweza kukaa na wimbo mmoja dakika ishirini likingoja beti irudi, limejiandaa kwa simfoni kuliko sikio lolote lililolelewa na nyimbo za dakika tatu.

Simfoni na okestra zina tofauti gani?

Okestra ni kundi la watu. Simfoni ni utungo wanaoupiga. Kwa kawaida simfoni huwa na sehemu nne: ya kwanza ya haraka na yenye mjadala, ya pili ya polepole, ya tatu yenye mwendo wa kucheza, na ya nne inayofunga. Ukipenda, ilinganishe na shairi refu ambalo mizani hubadilika kila fungu ilhali jambo linalozungumzwa ni lile lile.

Mbona kabla ya kuanza kila mtu hupiga anachotaka?

Hawapigi wanachotaka. Wanalinganisha sauti. Obo hutoa noti moja, ambayo kwa kipimo kinachotumika sehemu nyingi duniani ni mitetemo 440 kwa sekunde, na wengine wote huifuata. Obo ni jamaa ya nzumari yetu ya pwani: zote mbili zina ulimi wa vipande viwili vinavyotetemeka mdomoni mwa mpulizaji, na ndiyo maana sauti yake hupenya katikati ya kelele kama nzumari inavyopenya katikati ya ngoma.

Hapa Mombasa kazi hiyo huchukua muda zaidi kuliko mahali penye baridi, na sababu yake ni ya kupendeza. Hewa ikipata joto, sauti husafiri ndani yake kwa kasi zaidi, takriban mita 0.6 kwa sekunde kwa kila digrii moja, hivyo filimbi, klarineti na tarumbeta hupanda juu kidogo. Nyuzi nazo hutanuka kwa joto, hulegea na kushuka. Basi ukumbi ukijaa watu na joto kuongezeka, nusu ya okestra inapanda na nusu inashuka, na kazi ya wanamuziki ni kukutana katikati. Ukisikia tumesimama kulinganisha tena baada ya mapumziko, usidhani tumesahau.

Yule anayepunga kijiti anafanya nini hasa?

Anaweka mwendo, anaamua nani asikike juu ya nani, na anawakumbusha waliokaa kimya muda mrefu kwamba zamu yao imefika. Sisi humwita kiongozi wa okestra. Neno kondakta tuliliacha baada ya msikilizaji mmoja kuuliza, kwa uso mkavu kabisa, kama anakusanya pia nauli.

Nipige makofi wakati gani, na je, ninaweza kumtunza mpigaji?

Desturi ya sasa katika kumbi za simfoni ni kungoja hadi sehemu zote ziishe. Desturi hiyo si ya kale kama watu wanavyodhani. Wakati wa Haydn na Mozart watu walipiga makofi walipofurahi, na watunzi walifurahi kupigiwa. Kwa hiyo ukipiga makofi baada ya sehemu ya kwanza ya Beethoven, hakuna atakayekutoa nje, ingawa jirani yako anaweza kukukodolea macho. Tunachoomba ni usipige wakati muziki bado unalia. Dalili ya uhakika ni mikono ya kiongozi: ikishuka kabisa, piga.

Kuhusu kutunza, jibu linategemea usiku. Oktoba, usiku wa taarab, inuka, cheza hadi mbele, mtunze mwimbaji kama unavyomtunza harusini, kwa sababu taarab bila kutunza ni pilau bila bizari. Katika maonyesho mengine tunakuomba uizuie mikono yako. Msimu uliopita, msikilizaji mmoja mwenye moyo mweupe alipanda jukwaani katikati ya sehemu ya polepole na kuiweka noti ya shilingi mia mbili juu ya karatasi za nota za mpiga selo. Mpiga selo hakuweza kuiondoa kwa kuwa mikono yake yote ilikuwa kazini, na noti ilifunika mistari miwili, naye akaipiga mistari hiyo kwa kukumbuka. Pesa tulimkabidhi mwishoni. Alisema ameitolea jasho kuliko mshahara.

Simfoni ya Tano ya Beethoven nimeisikia kwenye matangazo ya biashara. Nije kusikiliza nini tena?

Ulichosikia ni noti nne: tatu fupi na moja ndefu. Uje usikie Beethoven alivyojenga jengo zima kwa matofali hayo manne. Utazisikia zikirudi chini ya nyimbo nyingine, zikinong'onwa, zikigongwa na timpani, ngoma kubwa za okestra, na katika sehemu ya tatu zikitokea tena kwenye honi zikiwa zimebadilika sura kama jamaa aliyerudi kutoka Uarabuni.

Tunakushauri uwatazame wapiga tromboni watatu waliokaa nyuma. Watakaa na ala zao magotini sehemu tatu nzima bila kupuliza hata noti moja, kwa sababu Beethoven aliwaweka akiba pamoja na filimbi ndogo na basuni ya sauti nzito kwa ajili ya sehemu ya nne. Sehemu ya tatu haiishii. Inazama hadi timpani inabaki ikigonga polepole gizani, kisha bila kusimama sehemu ya nne inafunguka, na tromboni zinaingia. Ukiwa umewatazama wale watu watatu tangu mwanzo, utajua walikuwa wakingoja nini.

Simfoni hii ilipigwa hadharani kwa mara ya kwanza Vienna tarehe 22 Desemba 1808, katika onyesho lililodumu zaidi ya saa nne ndani ya ukumbi wenye baridi kali. Letu litadumu chini ya saa mbili pamoja na mapumziko, na baridi hatuwezi kuiahidi.

Dvořák anaelezaje "dunia mpya" ilhali alikuwa mtu wa Ulaya?

Alikuwa mgeni, na mgeni huona. Alitoka Bohemia, ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki, akaenda New York mwaka 1892 kuongoza chuo cha muziki. Huko alimsikia mwanafunzi Mweusi, Harry Burleigh, akimwimbia nyimbo za kiroho ambazo babu yake, aliyekuwa mtumwa, alizihifadhi. Dvořák alisema waziwazi kwamba muziki wa Marekani ungejengwa juu ya nyimbo za watu hao, kauli iliyowaudhi wengi wakati huo. Simfoni yake ya Tisa ilipigwa kwa mara ya kwanza Carnegie Hall mwezi Desemba 1893.

Sehemu ya pili ndiyo ambayo watu hulia. Wimbo wake hupewa kor angle, ndugu mkubwa wa obo mwenye sauti nzito zaidi, na ni wimbo wa mtu aliye mbali na kwao. Mombasa ni mji wa bandari. Hakuna nyumba isiyo na mtu aliye mbali. Katika sehemu ya nne, matoazi hulia mara moja tu katika simfoni nzima, tena si kwa kishindo, bali kwa sauti ya wastani kama upepo unaopita juu ya mabati. Mpigaji wetu wa matoazi hukaa kitako akihesabu mamia ya mapigo kwa ajili ya pigo hilo moja, na akikosea hesabu hana nafasi ya pili.

Onyesho la watoto linafaa umri gani?

Kuanzia miaka minne hivi. Prokofiev alilitunga mwaka 1936 huko Moscow ili watoto wazijue ala, na kila mhusika ana ala yake: ndege ni filimbi, bata ni obo, paka ni klarineti, babu ni basuni, mbwa mwitu ni honi tatu, na Petro ni kundi zima la nyuzi. Tulijadiliana muda mrefu kama tumgeuze mbwa mwitu awe fisi, kwa kuwa mtoto wa Kisauni au Changamwe hajawahi kumwona mbwa mwitu. Tuliacha, kwa sababu katika hadithi bata humezwa mzima-mzima na mwishoni bado anasikika akilia tumboni, na fisi asingemwachia bata hata unyoya.

Onyesho hili ni Jumamosi saa nne asubuhi. Watoto wanaruhusiwa kuuliza maswali kwa sauti. Wazazi hawaruhusiwi kuzungumza kwenye simu.

Scheherazade ni hadithi ya nani?

Ni Shahrazad wa Alfu Lela Ulela, mke aliyemsimulia sultani hadithi usiku baada ya usiku ili asiuawe asubuhi. Rimsky-Korsakov aliitunga mwaka 1888. Fidla moja ndiyo sauti ya Shahrazad, na kila inaporudi, nyembamba na yenye subira, unajua hadithi nyingine inaanza. Sultani ni ala za shaba zilizo mwanzoni kabisa, nzito na zenye hasira.

Tumeichagua kwa sababu ya bahari. Sehemu ya kwanza ni chombo cha Sindbad, na ya mwisho inatoka katika sherehe za Baghdad moja kwa moja hadi jahazi linavunjikia kwenye mwamba. Mtunzi hakuyatoa mawimbi hayo vitabuni: alikuwa ofisa wa jeshi la majini la Urusi na akiwa kijana alikaa baharini karibu miaka mitatu. Sikiliza selo zinavyopanda na kushuka chini ya wimbo, tena na tena, kwa mwendo ule ule. Mzee mmoja wa Mji wa Kale, nahodha mstaafu aliyehudhuria mazoezi yetu, alisikiliza akiwa amefumba macho, kisha akasema kwamba mawimbi yale ni ya bahari kuu, si ya ndani ya mwamba. Hatujapata sifa nzuri kuliko hiyo.

Okestra inayosoma nota itapigaje taarab?

Kwa kujifunza upya. Makame, yaani mikondo ya sauti ambayo taarab iliirithi kutoka kwa Waarabu, ina noti zilizo katikati ya zile za piano. Bayati, kwa mfano, noti yake ya pili hukaa mahali ambapo piano haina kitufe. Mpiga kanuni ana vijiko vidogo vya chuma anavyovipandisha na kuvishusha ili kuipata. Mpiga fidla hana cha kumzuia, kwa kuwa shingo ya fidla haina vizuizi, na kidole chake kinaweza kusimama popote sikio linapokiamuru. Shida ni sikio. Mtu aliyefundishwa miaka kumi kwamba noti hiyo ni kosa anahitaji muda kabla ya kuamini kwamba ndiyo utamu wenyewe. Piano tutaifunika kwa leso usiku huo.

Tumewaomba mafundi wa taarab wa hapa Mombasa wakae na wapigaji wetu bila karatasi, kwa kusikiliza na kurudia, kama walivyojifunza wao. Nyimbo zitakuwa za zamani, na tutawakumbuka wawili wanaoudai mji huu heshima: Zein l'Abdin, ambaye udi mikononi mwake ulikuwa kama unazungumza, na Juma Bhalo, aliyevitia vina vya Kimvita ndani ya miondoko ya Kihindi hata watu wakasahau ilikotoka. Mashairi yatachapishwa na kugawiwa mlangoni, ili mafumbo yasikupite.

Mbona hakuna Masihi ya Handel, ambayo kila kwaya inaijua?

Kila kwaya inaijua "Haleluya" yake. Utungo mzima, uliopigwa kwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1742, unapita saa mbili, na wakati unaofaa kuuimba ni Desemba, mwezi ambao kwaya za makanisa zina shughuli zake na fidla zetu zina joto lao. Tunazungumza na kwaya kuhusu msimu unaofuata.

Kwa nini hampigi Fort Jesus? Pangependeza.

Pangependeza kwa macho. Ngome ile, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593 na ambayo tangu mwaka 2011 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, ina ua ulio wazi juu. Sauti ya fidla ikitoka hairudi. Hupanda na kuchukuliwa na upepo wa bahari, na anayeketi safu ya kumi hubaki na tarumbeta peke yake. Ingebidi tutumie vipaza sauti, na anayesikiliza okestra kwa vipaza sauti ni kama anayekula samaki wa kupaka kwa picha. Tena wapo kunguru, ambao magharibi huwa na maoni yao.

Onyesho linaanza na kuisha saa ngapi?

Isipokuwa lile la watoto, ni saa mbili usiku, baada ya swala ya Isha, na linaisha kabla ya saa nne, ili anayevuka Likoni au anayepanda matatu ya Mtwapa asihangaike. Milango hufungwa muziki unapoanza. Ukichelewa, utangoja nje hadi nafasi ya kwanza kati ya sehemu mbili. Foleni ya Nyali Bridge tunaielewa, lakini obo haielewi.

Tiketi zinapatikana vipi?

Mlangoni au kwa M-Pesa, kupitia namba iliyo kwenye bango letu rasmi pekee. Usinunue kwa mtu anayekujia barabarani. Wanafunzi wenye vitambulisho hulipa nusu, na watoto wa onyesho la Agosti huingia bure wakiwa na mzazi. Viti vya magurudumu huingilia mlango wa upande, usio na ngazi. Tuarifu mapema tukuwekee nafasi.

Nivae nini?

Nguo safi. Kanzu, buibui, dera, suti, shati la kitenge, vyote vinakaribishwa. Wanamuziki huvaa nyeusi, na kwa joto hili hilo linatosha kuwa adhabu ya watu wote.

Ninaweza kuingia na chakula?

Hapana. Kahawa tungu, haluwa na kaimati vitauzwa barazani wakati wa mapumziko. Tunataja mabuyu kwa jina kwa sababu mlangoni hubishaniwa: mabuyu ni chakula. Mbegu yake ikidondoka sakafuni wakati fidla zinapiga kwa sauti ya chini, husikika hadi jukwaani.

Ninapiga ala. Ninaweza kujiunga?

Njoo. Wapigaji wetu wengi wa ala za shaba walitoka kwenye bendi za shule, makanisa na vikosi, na wengine walikuwa wakipiga kwa sikio tu kabla ya kufundishwa nota hapa. Majaribio hufanyika Januari. Tuna upungufu mkubwa wa viola na basuni, na anayejua basuni hata kidogo asisubiri Januari.

Umeme ukikatika katikati ya onyesho itakuwaje?

Tutaendelea. Ala zetu hazihitaji umeme, na jenereta ya ukumbi huchukua dakika moja au mbili kuwaka. Kuhusu onyesho la Novemba, giza ni sehemu ya mpango. Haydn aliitunga simfoni hiyo mwaka 1772 akiwa na wanamuziki wake kwenye kasri la mashambani la Mwanamfalme Nikolaus Esterházy, ambaye alikuwa ameongeza muda wa kukaa huko huku wake na watoto wa wanamuziki wakibaki mjini. Badala ya kumwandikia barua ya kuomba likizo, Haydn aliandika sehemu ya mwisho ambamo wapigaji wanamaliza mmoja mmoja, kila mmoja anazima mshumaa wake na kuondoka, hadi zinabaki fidla mbili zikinong'ona. Mwanamfalme alielewa. Kesho yake watu walifunga mizigo.

Tulipofanya mazoezi ya sehemu hiyo mara ya kwanza, umeme ulikatika wenyewe, karibu mahali penyewe Haydn alipopataka. Hakuna aliyesimama. Wachache waliwasha tochi za simu, wengine walipiga kwa kukumbuka, na mmoja mmoja wakainuka na kuondoka kama karatasi inavyoagiza, hadi tukazisikia zile fidla mbili peke yake gizani. Jenereta ilipowaka tulikuta tumetazamana, jasho likitutoka. Kiongozi alikaa kimya kidogo, kisha akasema turudie kutoka mwanzo wa sehemu hiyo, kwa sababu gizani wapiga viola walikuwa wameruka mistari miwili.